Bunduki inayong'aa si lazima iwe mpya



Kuna maneno mawili ambayo sisemi redioni bila kuuliza vizuri kwanza: "silaha mpya". Simu za namna hiyo zinaingia mara nyingi. Mama anapiga akiwa njia ya shamba: "Mwandishi, vijana wamepita na bunduki nyeusi, zinang'aa kabisa. Wameletewa mpya." Mama huyo anataka kujua jambo moja tu: alale nyumbani ao afunge mizigo. Nikitangaza maneno hayo jioni, usiku familia ziko barabarani, magodoro kichwani, watoto mgongoni.

Kwa hiyo nilienda kuuliza mzee mmoja ambaye zamani alikuwa askari, kazi yake ilikuwa kutunza silaha za kikosi. Leo anatengeneza baiskeli na kutia majembe mipini. Jina lake siandiki.

"Papa, bunduki inazeeka namna gani?"

"Mwanangu, ngozi inazeeka mbele ya mifupa."

Akanieleza. Ule weusi wa bunduki mara nyingi si rangi ya kopo. Kiwandani chuma kinatiwa dawa, na juu yake panafanyika ngozi nyembamba nyeusi. Hiyo nayo ni aina ya kutu, lakini inashika mafuta na kuchelewesha kutu nyekundu. Mkanda unaikwaruza, mawe yanaikwaruza. Kwenye Kalashnikov, hata kile kipande cha ubavu wa kulia kinachofunga na kufungua bunduki kinachora mstari wa upinde kila kinaposhushwa. Na kwa mvua na ukungu wa milima yetu, mkwaruzo usiopakwa mafuta haukawii kuwa mwekundu.

Anayetaka kufunika mkwaruzo huo anasugua kutu, anafuta mafuta, anapaka dawa ya kufanya chuma kiwe cheusi. Asiyekuwa na dawa anapaka rangi yoyote nyeusi. Halafu mafuta tena. Haichukui muda mrefu. Ukiangalia karibu, mara nyingi weusi mpya haufanani na ule wa kwanza. Lakini nani kati yetu anaweza kukaribia bunduki ili aangalie?

"Ni kama bibi kizee aliyepaka wanja," mzee akacheka. "Miaka yake iko palepale."

Kwa hiyo bunduki iliyotengenezwa mbele sijazaliwa inaweza kupita leo ikimetameta. Kung'aa kwake hakusemi imetoka wapi, wala imeletwa lini. Kinachoweza kusema ni namba na alama zilizogongwa ndani ya chuma. Ndiyo sababu Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, wa nchi za Afrika ya Kati, unadai silaha zitiwe alama na kuandikwa kwenye madaftari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha katika Kongo nao wanatafuta alama hizo.

Basi mukinipigia, nitawauliza mambo mengine: walikuwa watu wangapi? Wametoka upande gani, wameelekea wapi? Milio imesikika? Walisema nini na wakaaji? Majibu hayo yanasaidia familia kuamua kuliko weusi wa chuma.

Na kwa wazazi, neno moja. Mtoto akikuta bunduki shambani ao mtoni, yenye kutu ao yenye kumetameta, asiiguse. Hata iliyooza kwa macho inaweza kuwa na risasi ndani na ikalia. Aiache, akumbuke fasi ilipo, amwambie mtu mzima, naye mtu mzima amjulishe chifu.

Simu yangu iko wazi usiku na mchana. Muniambie mulichoona kwa macho. Mulichodhani, tutakitafuta pamoja mbele ya kukitangaza.