Ngoma ya Baba

Baba yangu alipokuwa kijana aliongoza kwaya ya kigango chetu. Mwaka 1961 aliingiza ngoma kanisani, akaambiwa aitoe mara moja, maana ngoma ni mambo ya pombeni. Aliitoa. Misa haikumpita Jumapili hata moja, lakini kuimba hakuimba tena.

Juzi nilimwonyesha sinema ya Mwitalia Pier Paolo Pasolini, "Injili kadiri ya Mathayo", ya mwaka 1964. Haina rangi, nayo ilipigwa kusini mwa Italia. Luis Bacalov aliitungia muziki, lakini mna Bach pia, na wimbo wa huzuni wa Weusi wa Marekani, anaouimba Odetta Mamajusi wanapomwendea Mtoto. Baba alitazama kimya.

Kaburi likafunguka, na ngoma zikalia! Ni Gloria ya Missa Luba, Misa ya Padre Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina, Kongo: maneno ya Kilatini, mapigo ya kwao. Na aliyeiweka hapo (ajabu hii!) ni mtu aliyejulikana kuwa hana dini.

"Rudisha nyuma," baba akasema.

Nikarudisha mara tatu. Mara ya nne vidole vyake vilikuwa vikipiga mkono wa kiti, naye akimkosoa mpigaji, eti anaharakisha. Kisha akaniuliza kama ile ngoma yake ingali darini kwa baba mdogo.