Tuwasimulie Watoto Habari za Nachingwea



Sisi akina mama wa Marambo, wilayani Nachingwea, tumewasikia mara nyingi watoto wetu wakisema kwamba huku kwetu hakuna kitu. Wakimaliza shule macho yao yako Dar es Salaam, na nyumbani wanapaona ni mahali pa kuondoka tu. Mtoto hawezi kupenda asichokijua, na anayekaa naye jikoni na shambani kila siku ni mama yake. Basi tumeona ni vema tuwaeleze habari za mji wetu wa Nachingwea, nanyi mkawasimulie wa kwenu habari za kwao.

Nachingwea ipo kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Kaskazini tumepakana na Ruangwa, magharibi Liwale, na kusini Masasi ya mkoa wa Mtwara. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wanaishi huku pamoja na kuoana. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuisha kama mwezi wa Aprili, kisha ni kiangazi kirefu. Chakula chetu ni muhogo, mahindi, mtama na mbaazi, na fedha ya ada ya shule hutoka katika korosho na ufuta.

Mji wenyewe ulikuzwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 walitumwa wataalamu, wakazunguka kwa wiki 9 tu, wakapendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika. Huko palichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Mapori yakafyekwa kwa matrekta na mabuldoza, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikaletwa kutoka pwani hadi Nachingwea.

Lakini mitambo iliharibika, mvua haikunyesha kama ilivyotarajiwa, na huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni zaidi ya milioni 30 zikawa zimepotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yetu ilifungwa na vyuma vyake kung'olewa.

Karanga zenyewe hazikukoma. Mpaka leo tunazipanda kwa jembe la mkono, vipande vidogo karibu na nyumba, na mboga zetu tunaziunga kwa karanga hizo. Anayelima kwa mkono hujua udongo upi unashika maji na mvua ipi ni ya kupandia. Wakubwa wale walikuwa na fedha na mitambo, lakini hawakukaa na mkulima wakamsikiliza vya kutosha. Kuuliza si ujinga.

Nchi hiyo hiyo ikapata kazi nyingine. Katika miaka ya 1960 chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilipewa kambi Nachingwea ya kuwafundisha wapiganaji wa uhuru. Mwaka 1967 lilikuja kundi la kwanza la wanawake, wapatao 25, na mmoja wao alikuwa Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Josina alishughulikia malezi ya watoto waliopoteza wazazi vitani. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mtoto mdogo. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake huko Msumbiji. Nchi yao ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Akina mama, habari hizi zina funzo kwa nyumba zetu. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Fedha ya korosho ikiingia, baba huweza kupanga shamba kubwa au biashara ya mkopo peke yake, na mama akaambiwa mambo yakiisha haribika. Mke na mume waketi pamoja kabla shilingi haijatoka, na tumwombe Mungu kabla ya kuweka sahihi.

Na watoto wetu wakitaka kwenda mjini, waende wakijua kwamba wametoka mahali penye historia. Wazee walioliona lile treni wanazidi kupungua. Tuwapeleke watoto kwao jioni, tukiwa na karanga za kukaanga mkononi, wakasikie wenyewe.

Mungu azibariki nyumba zenu.