Nilichomficha Mwalimu wa Tabora kule Treptow

Kwa miaka niliyoishi Berlin, mgeni akitoka nyumbani mimi ndiye niliyekuwa wa kumtembeza, na karibu wote niliwaficha jambo moja. Nilikuwa na matembezi yangu ya Treptower Park niliyoyajua fika, na ndani yake palikuwa na mahali nilipoparuka kwa makusudi. Mmoja wa hao niliowaficha alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Tabora. Kosa nililomtendea ndilo linaloniandikisha haya.

Tulikuwa tukishuka kwenye treni, tukavuka barabara na kuingia chini ya miti mikubwa kando ya mto Spree. Bustani hiyo ilibuniwa na Gustav Meyer na kujengwa kati ya mwaka 1876 na 1888, na siku ya jua hujaa watu waliotandika mashuka kwenye majani. Kisha niliwapeleka kwenye makaburi ya wanajeshi wa Kisovieti waliokufa wakiitwaa Berlin mwaka 1945. Wamelala pale wapatao 7,000. Juu ya kilima kuna sanamu ya askari mwenye kimo cha mita 12, mkono mmoja umempakata mtoto, mwingine umeshika upanga, na chini ya miguu yake alama ya Wanazi imevunjika vipande. Wageni hunyamaza wenyewe pale, huna haja ya kuwaambia.

Kituo cha mwisho kilikuwa jumba la kutazamia nyota la Archenhold. Juu ya paa lake kuna darubini yenye urefu wa mita 21, na ndani ya jengo hilo Einstein alitoa mhadhara wa nadharia yake mwaka 1915. Nilipenda sana kulieleza hilo. Nilikuwa nikisema darubini ilitengenezwa kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya Viwanda ya mwaka 1896, kisha nikageuza mazungumzo tukatafute kahawa.

Niliparuka hapo. Katika viwanja hivyo hivyo, mwaka huo huo, Ujerumani iliweka pia maonyesho ya makoloni yake. Watu 106 waliletwa kutoka Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini-Magharibi, Guinea Mpya na Afrika Mashariki, Waswahili na Wamasai wakiwemo. Walijengewa vijiji vya maonyesho kuzunguka bwawa liitwalo Karpfenteich, wakatakiwa kuvaa na kucheza namna ambayo watazamaji walitarajia Mwafrika avae na acheze. Maonyesho yale makubwa yalitembelewa na watu zaidi ya milioni 7. Baadhi ya walioletwa walifia Berlin.

Haya niliyajua, ingawa juujuu. Sikuyasema kwa sababu nilitaka wageni wangu waupende mji, wakirudi nyumbani waseme ndugu yetu anaishi mahali pazuri. Na kulikuwa na sababu mbaya zaidi: niliona aibu. Niliwaonea haya walioonyeshwa, wakati waliostahili kuonewa haya ni walioonyesha.

Mwalimu wa Tabora hakupitwa na jambo. Tulipofika kwenye bwawa hilo, tukielekea kutafuta kahawa, alisimama, akafuta miwani yake kwa pindo la koti, akatazama bata na benchi zilizozunguka maji. Akaniuliza, "Tisini na sita sisi tulikuwa tayari chini yao. Kwenye hayo maonyesho yao, sisi hatukuwamo?"

"Zilikuwa mashine zao tu, mwalimu," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. "Haya, mwanangu." Tukaenda kunywa kahawa.

Ile "haya" yake ilinikaa moyoni hata baada ya yeye kurudi nyumbani. Mwishowe nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la Treptow, mtaa wa Johannisthal, ambako tangu mwaka 2017 kuna maonyesho yanayowahusu watu wale 106. Niliyoyakuta yalinivunja nguvu. Miongoni mwa majengo yaliyosimamishwa kule bustanini mwaka 1896 ulikuwamo mfano wa ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe huko Tabora. Isike aliwapiga vita Wajerumani, na mwaka 1893 walipoingia ngomeni mwake alilipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Miaka mitatu tu baadaye, ngome yake ikawa kitu cha kutazamwa na watu wa Berlin siku zao za mapumziko. Na mimi nilikuwa nimemsimamisha mtu wa Tabora, mwalimu aliyewafundisha watoto habari za Isike, kwenye bustani hiyo hiyo, nikamwambia ni mashine tu.

Kuna picha zao ukutani. Wengi walikataa kupigwa picha na mavazi waliyochaguliwa, wakavaa suti zao. Kwelle Ndumbe wa Kamerun, aliyejulikana pia kama Bismarck Bell, alinunua darubini ndogo ya kutazamia michezo ya jukwaani, na watu walipomkodolea macho naye akawatazama kwayo. Hao ndio niliowaonea haya.

Nilimpigia mwalimu simu, nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na kwamba siku ile nilijua na nikamficha. Hakunigombeza. Aliuliza maswali ya mwalimu: ngome ilikuwa kubwa kiasi gani, lango lake lilielekea wapi, nani aliijenga. Mengi sikuweza kuyajibu. Kisha akasema, "Ungeniambia pale pale ningewaombea dua. Sasa Berlin mimi nitarudi lini?"

Hakurudi. Kuomba radhi kwa simu hakukumrudisha kando ya lile bwawa, na hilo sina namna ya kulilipa.

Wewe unayepokea wageni Berlin, anza na Karpfenteich kabla ya sanamu na darubini. Waambie ni nani waliokaa pale na walifanywa nini, kisha wapeleke Johannisthal wakaone nyuso zao. Na mgeni wako akiwa anatoka Tabora, mtajie Isike wakati yeye mgeni angali amesimama pale, asije akayasikia haya kwa simu.