Kisumu: Mwisho wa Reli

Msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini reli ya Mombasa hadi Kisumu iliitwa Reli ya Uganda? Sababu ni kwamba ilipofika ziwani Desemba 1901, Kisumu, wakati huo Port Florence, ilikuwa bado Uganda! Mpaka ulisogezwa Aprili 1902.

Abiria wa Uganda aliteremka hapa na mizigo yake, akaelekea gatini kupanda meli. Kwa miaka 30 hivi mji ulineemeka. Ndipo reli ya kupitia Eldoret ikafika Kampala mwaka 1931, naye abiria yule hakuwa tena na haja na Kisumu. Stesheni ikabaki kwenye tawi la kutoka Nakuru, na kijitawi chake cha Butere.

Meli ya Uhuru, inayobeba mabehewa mazima, ilifufuliwa 2019.