Akiba Inayooza

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuchora njia za umeme ndani ya ndege ambazo haziundwi kiwandani. Ni ndege ndogo za Marekani, nyingi za viti viwili au vinne. Mwenye ndege hununua vipande kwa kampuni kama Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, akavigonga ribiti mwenyewe katika gereji yake kwa miaka kadhaa, kisha akakaguliwa na kupewa cheti cha ndege ya majaribio, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu waliojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Sheria humpa uhuru ambao mhandisi wa kiwandani hana. Hakuna anayemwamuru atumie altaneta gani, betri gani, wala waya upite wapi. Uhuru huo ndio ulionipa riziki, na ndio ulionipa wasiwasi pia, kwa sababu mtu anayechagua mwenyewe umeme wake wa akiba huvutwa kwa urahisi na kifaa kinachomtuliza moyo dukani, kabla hajajiuliza kitamfanyia nini hewani.

Waswahili husema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokaushwa vizuri na fedha iliyowekwa pazuri, methali ina haki yake. Akiba ya umeme huoza. Betri iliyofungwa nyuma ya kiti na kusahauliwa hupungua mwaka hadi mwaka bila kutoa harufu wala kubadili rangi. Asubuhi bado inaonyesha volti 12 na nusu, bado inazungusha injini mpaka inawaka, lakini ukiidai saa nzima ya kazi inakupa dakika 20. Yeyote aliyewahi kutegemea betri ya sola kwa taa za nyumbani analijua jambo hili: taa hazikuonyi, siku moja tu zinazimika saa mbili usiku badala ya saa sita. Kila nilichojifunza katika kazi hii kimenirudisha hapo. Umeme wa akiba hupimwa kwa dakika, na dakika hizo lazima ziwe na tarehe zilipopimwa. Ndege yenye betri moja ambayo dakika zake zinajulikana ni salama kuliko ndege yenye betri mbili na altaneta mbili ambayo mwenyewe hawezi kusema itamvusha muda gani.

Zamani hesabu hii haikuwa ya kufa na kupona. Injini za Lycoming na Continental zilizobeba ndege ndogo kwa miongo mingi zina magneto mbili, kila moja ikitoa cheche zake kwa kuzungushwa na injini yenyewe. Mafuta huteremka kwa uzito wake au husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini. Umeme wote ukikatika, injini haina habari. Rubani hupoteza redio na taa, akaendelea kuruka. Leo wajenzi wengi wameondoa magneto moja, au zote mbili, wakaweka cheche za kielektroniki kwa sababu injini inawaka kwa wepesi na kuchoma mafuta vizuri zaidi. Wengine wamefunga injini zinazoongozwa na kompyuta, zenye pampu za mafuta za shinikizo kubwa zinazoendeshwa kwa umeme. Vyombo vya kuonyesha mlalo wa ndege vilivyokuwa vikizungushwa kwa pampu ya hewa vimetolewa, na vioo vya kielektroniki vimekaa mahali pake. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri, nami mwenyewe nimeyachora mengi. Yakijumlishwa, yameuondoa uhai wa injini kwenye giya na kuuweka kwenye waya.

Tuhesabu basi. Betri inayopendwa sana na wajenzi hawa, Odyssey PC680, ina uzito wa takriban kilo 7 na uwezo wa kama ampea-saa 16. Ndege yenye vioo viwili, redio mbili, taa na vifaa vingine hula ampea 20 bila shida. Kwenye karatasi 16 kwa 20 ni dakika 48, lakini betri haifuati karatasi. Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha mwaka 1897 kwamba betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hutoa umeme mchache kuliko ikinyonywa polepole. Punguza kwa sababu hiyo, kisha punguza tena robo kwa ajili ya uzee, na tayari uko chini ya nusu saa. Sasa geuza swali. Badala ya kuuliza betri gani kubwa zaidi itaingia, uliza ni vitu gani rubani anavihitaji kweli ili afike chini salama: kioo kimoja, redio moja, transponda, labda taa ndogo ya kusomea. Hivyo vinaweza kutosheka na ampea 4. Betri ileile, pamoja na uzee wake, sasa inakaribia saa 3. Uwezo wa betri haujaongezeka hata kidogo. Mahitaji ndiyo yamepungua.

Robert Nuckolls wa Kansas, katika kitabu chake The AeroElectric Connection, aliifanya hoja hii kuwa mchoro ambao maelfu ya wajenzi wameufuata. Mchoro una boksi la pili la fyuzi, dogo, la vitu visivyoachika. Siku zote hulishwa na boksi kuu kupitia dayodi inayouruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Altaneta ikifa, rubani hufungua njia nyingine inayotoka moja kwa moja kwenye betri, kisha huzima swichi kuu, na hapo rilei kubwa ya betri, ambayo peke yake hula karibu ampea moja ili ibaki imeshika, nayo hupumzika. Ninachoupendea mchoro huu ni kwamba rilei hiyo ikiungua, au boksi kuu likipata hitilafu, njia ya pili haijui. Haipiti huko kabisa. Sheria ya Marekani kwa ndege za kiwandani za ukubwa huu ilidai betri ihudumie vitu vya lazima kwa dakika 30. Kwangu dakika 30 ni chache mno. Ndege hizi hubeba mafuta ya saa nne au tano na huvuka majangwa na milima ya magharibi, ambako uwanja wenye hali nzuri ya hewa unaweza kuwa mbali. Akiba ninayoitetea ni ile inayodumu kuliko mafuta yaliyobaki kwenye tangi, ili rubani aliyepoteza altaneta awe na shughuli moja tu, kuruka.

Lakini dakika hizo huanza kuliwa kabla mwenyewe hajajua. Altaneta nzima hushikilia mfumo kwenye volti 14 na kitu. Ikifa, volti hushuka mara moja chini ya 13, na hakuna kingine kinachobadilika. Vioo vinang'aa vilevile. Rubani asiyeitazama voltimita huendelea na safari akitumia ampea 20, na dalili ya kwanza ni redio inayokatika anapobonyeza kusema. Wakati huo akiba imekwisha, hata kama alikuwa na betri tatu. Ndiyo maana taa ya onyo inayowaka volti zikishuka chini ya 13, iliyowekwa machoni pake hasa, nimeihesabu siku zote kuwa sehemu ya akiba yenyewe. Ni kifaa cha bei ndogo, hakihifadhi umeme wowote, na huokoa dakika nyingi kuliko kilo 7 za betri.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba hesabu zote hizi ni za mtu anayebana uzito na fedha: weka viwili vya kila kitu, yaishe. Pingamizi hili lina nguvu, kwa kuwa magneto mbili zenyewe ni hoja yake. Ila viwili husaidia pale tu ambapo kinachoua kimoja hakiwezi kumfikia mwenzake. Tarehe 7 Januari 2008, ndege ya Qantas aina ya Boeing 747-400 ilikuwa inakaribia Bangkok ikitoka London. Ilikuwa na jenereta 4, na hakuna mjenzi wa gereji atakayefunga nyingi kuliko hizo. Maji yaliyovuja kutoka jikoni mwa ndege yalishuka hadi kwenye vifaa vinavyodhibiti jenereta, na mifumo 3 kati ya 4 ya umeme mkuu ikazimika. Ilitua salama, baadhi ya vyombo vyake vikitegemea betri. Jenereta zote zilikuwa nzima. Zilichoshirikiana ni mahali vidhibiti vyake vilipokaa, na maji hayakuchagua.

Mfano wa pili unanigusa karibu zaidi, maana ni wa ndege ndogo. Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, ndege aina ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli, kila moja na altaneta yake, iliruka baada ya kuwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri yake ilikuwa imeisha. Rubani alipokunja magurudumu, mota ya kukunjia ilivuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri iliyopaswa kuziba pengo hilo haikuwa na kitu, volti zikaanguka kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kilitosha kompyuta za injini zote mbili kujizima na kuanza upya. Injini zote mbili zikasimama. Altaneta mbili, injini mbili, na zote zilisimama juu ya betri moja ambayo ilikwishaonyesha wazi kwamba haina kitu. Baadaye kompyuta za injini ziliwekewa betri zake za akiba. Nafikiri kila mjenzi anayeongeza kifaa cha pili angepaswa kwanza kukaa na tukio hili na kutafuta katika mchoro wake mwenyewe waya, rilei, au nati ya ethi ambayo vifaa vyote viwili vinaipitia. Karibu kila mara ipo.

Wengine husema vioo vya siku hizi vina betri zao ndani, kwa hiyo tatizo limekwisha. Kwa chombo chenyewe, ni kweli na ni jambo jema. Lakini betri hizo haziendeshi pampu ya mafuta, na mahali palipokuwa na betri moja ya kupima sasa pana nne, kila moja ikizeeka kwa mwendo wake. Kuna pia wanaosema kwamba ndege hizi huruka siku za jua tu, na bila umeme mtu hutua kwa macho. Anayeruka hivyo kweli, kwa magneto mbili, sibishani naye. Hahitaji kazi yangu.

Pingamizi linalonishinda nusu ni la injini zinazokula umeme. Huko nadharia yangu ya kupunguza mahitaji hugonga ukuta. Pampu ya mafuta, kompyuta na koili za cheche pamoja zinaweza kudai ampea 10 au zaidi, na hakuna cha kuzima, kwani kukizima ni kuizima injini. Hapo nakubali kwamba betri peke yake haitoshi na chanzo cha pili kinachozungushwa na injini kinahitajika. Bahati nzuri nafasi ipo: mahali palipobaki wazi baada ya pampu ya hewa kuondolewa hupokea altaneta ndogo ya sumaku ya kudumu, kama ile ya ampea 8 inayotengenezwa na B&C ya Newton, Kansas, ambayo haigusi mkanda wa altaneta kubwa. Kwa injini yenye njaa ya ampea 10 hiyo hupunguza tu kasi ya betri kuisha, na wapo wanaohitaji kubwa zaidi. Waliounda Rotax 912iS, injini iliyotoka mwaka 2012, walifanya uamuzi ninaouheshimu: jenereta mbili ndani ya injini, moja kwa ajili ya injini, nyingine kwa ajili ya ndege. Ya kwanza ikifa, ya pili huhamia kwenye injini na vyombo huachiwa betri. Mpangilio huo unasema waziwazi nani hula kwanza chakula kikipungua. Michoro mingi ya nyumbani hailisemi hilo.

Betri za lithiamu-chuma-fosfeti nazo zimeleta neema ya uzito na ugumu mpya. Si za aina ile iliyoungua katika Boeing 787 mwaka 2013. Kemia yake ni tulivu zaidi. Shida ninayoiona ni nyingine: volti zake hubaki karibu palepale mpaka mwisho kabisa, hivyo voltimita haikuambii kilichobaki, na kidhibiti kilichomo ndani kinaweza kuikata betri kabisa ili kuilinda, wakati rubani angependelea betri iharibike lakini injini iendelee. Anayezitumia amejiongezea wajibu wa kupima, hakujipunguzia.

Na kupima kwenyewe ni kazi ya alasiri moja kwa mwaka. Marubani wa magneto wana desturi ya zamani ambayo sijaona bora kuliko hiyo: kabla ya kila kuruka huzima magneto moja, wakasikiliza, wakairudisha, wakazima ya pili. Hawakubali kwamba ipo mpaka imefanya kazi peke yake. Njia ya pili ya umeme inastahili heshima hiyohiyo katika kila safari, na betri inastahili, mara moja kwa mwaka, kubebeshwa mzigo wake halisi ndege ikiwa imesimama, saa mkononi, mpaka volti zishuke kwenye 11. Dakika zikipungua chini ya zile zilizohesabiwa, betri inabadilishwa hata kama bado inawasha injini kwa nguvu. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika uchunguzi wake wa mwaka 2012, iliona kwamba zaidi ya nusu ya ajali za ndege zilizojengwa nyumbani ilizozichunguza mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Aliyechora njia za umeme hakuwa yule aliyezitegemea. Kwa hiyo michoro yangu ya miaka ya mwisho ina kitu ambacho ya mwanzo haikuwa nacho: nafasi ndogo kwenye paneli, kando ya swichi ya njia ya pili, ya kibandiko chenye ampea, dakika na tarehe, na mahali pa kuandika upya mwaka unaofuata.