Maji Safi Kupita Kiasi

Matumbawe laini hayajengi nyumba. Kwetu Unguja, kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, lakini hayo ni matumbawe magumu. Yaliyo laini hayana jiwe. Ndani ya nyama yake mna vijiti vya chokaa vidogo mno, na kila polipu ina vikono vinane. Ukilitoa majini, tumbawe laini hunywea kama kitambaa kilicholowa. Labda ndiyo maana hata sisi tuliozaliwa pwani hatuyatilii maanani. Mimi niliyafahamu vizuri nikiwa Bremen, Ujerumani, katika sebule ya ajuza wa miaka 74.

Nilipanga chumba kwake nilipoanza shahada ya uzamili. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama desturi ya huko inavyoruhusu watu wanaoishi pamoja. Ulimi ulikataa. Nikamwita Bibi, nikamweleza maana yake, akakubali.

Sebuleni palikuwa na tangi la maji ya chumvi la lita 240, la marehemu mumewe. Alikuwa amefariki miezi saba kabla sijafika, akaacha na daftari: lini kubadilisha maji, lini kubadilisha mkaa wa kuchujia, lini kubadilisha punje za chuma zinazonyonya fosfeti. Bibi alilifuata daftari lile kama mtu anayefuata saa za dawa.

Hata hivyo matumbawe yalikuwa yanadhoofika. Sarcophyton, lenye umbo la uyoga mkubwa, lilikuwa limejikunja miezi miwili bila kutoa polipu hata moja. Sinularia ilikuwa imepauka hadi rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Xenia, ambayo polipu zake hufumba na kufumbua kama viganja, ilikuwa imesimama.

"Wewe unasoma mambo ya bahari," Bibi aliniambia. "Niambie yana nini. Kuna mtu anataka kulinunua tangi. Kama yanakufa, bora aje alichukue sasa. Sitaki kukaa hapa nikiyatazama. Nimeshatazama mara moja."

Nikampa ahadi ya mwezi mmoja, na masharti mawili: tusibadilishe chochote kabla ya kupima, na tukibadilisha, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Katika tangi dogo, anayerekebisha mambo matano kwa siku moja hajui ni lipi lililoponya wala ni lipi lililoua.

Nilianza na chumvi, kwa sababu maji yakikauka chumvi hubaki, na tangi huweza kukolea polepole bila mtu kuona. Nilisawazisha kipimo kwa kimiminika maalumu, kisha nikapima: gramu 35 kwa kilo ya maji, sawa na bahari. Joto lilikuwa nyuzi 25. Amonia haikuwepo. Shaba, ambayo kiasi kidogo tu huua wanyama wasio na uti wa mgongo, haikuwepo.

Halafu nikafikiria tabia zao wenyewe. Sarcophyton hujifunga mara kwa mara, hufunikwa na utando kama nta, kisha huuvua na kufunguka. Ni namna yake ya kuoga. Lakini hiyo huchukua siku kadhaa au wiki chache, na hili halikuwa na utando wowote. Vilevile matumbawe laini hupigana kwa kemikali: hutoa sumu majini ili jirani asisogee. Mkaa wa kuchujia huzinyonya sumu hizo, na mkaa wa Bibi ulikuwa mpya. Taa nazo zilikuwa zilezile, kwa saa zilezile.

Kilichonipa jibu ni jambo alilolitaja kwa fahari. Alisema kioo hakijahitaji kusuguliwa kwa wiki tatu. Tangi lenye afya huota mwani kwenye kioo baada ya siku chache tu. Kioo kinachobaki king'avu kwa wiki tatu kinaonesha kwamba hata mwani hauna chakula.

Nikapima naitreti: sifuri. Nikapima fosfeti: sifuri. Nikarudia kesho yake kwa vipimo vya maabara ya chuo: karibu sifuri.

Hapo nilihitaji muda wa kujishawishi. Tasnifu yangu ilihusu virutubisho vinavyoingia baharini kutoka miji ya pwani. Kwa mtu wa Unguja anayejua maji taka ya mjini yanaishia wapi, fosfeti ni adui. Lakini ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaolilisha kwa nguvu ya mwanga, na mwani huo nao unahitaji naitrojeni na fosforasi. Ukikosa, hufifia, na tumbawe hupauka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi. Sebuleni kwa Bibi weupe ulikuja kwa njia nyingine, ya njaa.

Sababu ya njaa ilikuwa mle daftarini. Marehemu alifuga samaki 11, akiwalisha mara tatu kwa siku. Mtambo wa povu na punje za chuma vilipangwa vimeze uchafu wa samaki hao wote. Alipofariki, rafiki yake alichukua samaki tisa ili kumpunguzia Bibi kazi. Wakabaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, wanaokula mara moja kwa siku. Mitambo iliendelea kusafisha kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Nilijua la kusema, ila sikujua nitalisemaje. Daftari lile lilikuwa sauti ya mwisho ya mumewe, naye alikuwa hajaruka siku hata moja.

"Kwa hiyo ni mimi ninayeyaua," alisema nilipomaliza.

"Hapana, Bibi. Daftari ni sahihi. Lakini liliandikwa kwa ajili ya samaki kumi na mmoja."

Alinyamaza kitambo. "Kwa ajili ya nyumba iliyojaa," alisema.

Tuliondoa punje za chuma kwanza, tukangoja siku kumi. Kisha tukapunguza saa za mtambo wa povu. Kisha tukawalisha samaki mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Tulilenga fosfeti kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, na naitreti kati ya 5 na 10. Wiki ya nne kioo kiliota ukungu wa kijani. Bibi aliniita jikoni kwa sauti kubwa nije nikitazame, na ahadi yangu ya mwezi ikapita bila yeyote kuitaja.

Hatukuokoa yote. Xenia iliyeyuka katika siku mbili, ikaacha alama kwenye jiwe. Sarcophyton lilikuwa limeoza shina, nikalikata kwa wembe juu ya sehemu iliyooza, nikakifunga kichwa kwenye jiwe dogo kwa kipande cha wavu hadi kikashika. Sinularia ilirudisha rangi yake ya kahawia polepole, ikianzia chini.

Mnunuzi alipopiga simu, nilikuwa mezani nikisoma. Kijerumani changu kilitosha kuelewa kwamba Bibi alisema hapana, na kwamba aliulizwa tena, akasema hapana tena.

Jioni ile alichukua daftari la mumewe, akaruka ukurasa mmoja mtupu, akaandika tarehe kwa mwandiko wake. Chini ya tarehe aliandika vipimo tulivyochukua: fosfeti 0.04, naitreti 5. Kisha akaniuliza kama tangi lingeweza kubeba samaki wa tatu. Nikamwambia tungoje mwezi mmoja, tupime tena. Akaliandika na hilo.