Cheti Anacho, Kazi Bado

Kijana wetu mmoja hapa Olympic aliona moto wa Mukuru Sinai kwenye TV, 2011, akiwa mtoto. Alipokua akasomea uzimamoto. Cheti anacho, kazi bado. Nami mchungaji wake nikamwambia, "Tafuta kitu kingine."

Juzi usiku moto ukawaka nyuma ya kanisa. Gari la zimamoto halingepita vichochoro vyetu. Yeye ndiye aliyekata stima, akapanga watu na mitungi ya maji, akabomoa kibanda cha mabati ili moto usivuke. Watoto wote walitoka salama.

Nimemwomba msamaha. Daudi alipakwa mafuta, akarudi kuchunga kondoo. Ufalme ulikuja baadaye. Usidharau wito ambao haujapata barua ya ajira.

Jumapili atatufundisha baada ya ibada. Njoo na ndoo. Amina.